Mashua Haiendi Tupu

Filipo alifika kwangu Kitshanga siku ya Jumanne, saa nne za asubuhi, amekaa nyuma ya kijana mmoja kwenye pikipiki, mguu wake mbovu ameunyoosha pembeni kama ufito wa ua. Mimi nilikuwa kwenye barza nachambua maharagi, chini ya mizani yangu ndogo inayoning'inia mlangoni, na sikumtambua. Nilidhani ni mzee mmoja wa wale wanaopita kuomba maji. Yeye ndiye aliyenitambua. Alishika nguzo ya barza, akavuta pumzi, akasema, "Mama Doroteya, mupaka leo unachambuaka maharagi?" Sauti ile niliijua kabla ya kuijua sura. Zaidi ya miaka hamsini ilikuwa imepita. Katika watu wote walio hai, ni Filipo peke yake aliyekuwa ndani ya kamyoneti, gari dogo la mizigo, siku mume wangu Gaspari alipokufa. Nilisimama, maharagi yakamwagika kutoka kwenye kitenge, nikalia mbele ya yule kijana wa pikipiki bila haya, naye maskini hakujua atazame wapi.

"Nimekuja kukuambia neno moja," Filipo alisema hata kabla ya kukaa. "Mi niko muzee, dada. Sitaki kufa nalo." Nikamwambia akae kwanza, ale. Kwetu mtu hatoi neno zito akiwa na njaa, na kusema kweli mimi mwenyewe nilikuwa sitaki kulisikia. Neno lile nilikuwa nimelikimbia maisha yangu yote. Nilikuwa na langu pia, ambalo sikumwambia padri, wala mume wangu wa pili, Mungu amrehemu, wala watoto niliozaa naye. Basi nikabandika chungu cha maharagi, na maharagi yangu, kila anayenijua anajua, hayana haraka. Filipo alisinzia kwenye kiti, kofia magotini. Mimi nikakaa karibu na moto, nikawa nachochea kuni ambazo hazikuhitaji kuchochewa. Watu wananisifu kwamba nimezeeka vizuri, kwamba nacheka. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Habari za ukoo sitazieleza. Inatosha kujua kwamba mimi ni mtoto wa mtoni, huko Walikale, na Gaspari alikuwa mtu wa milima ya Masisi, shofere aliyeendesha magari ya plantasyo moja, shamba kubwa la Muzungu, karibu na Karuba. Tulipewa nyumba ya matofali yenye vyumba viwili, nyuma ya jumba la kukaushia pareto, na harufu ya maua yale ilikaa kwenye nguo, kwenye mikeka, mpaka kwenye chai. Nilikuwa sijawahi kuona baridi ya namna ile. Asubuhi ukungu ulikuwa unaingia mlangoni kama mgeni asiyebisha hodi, na mimi nilikuwa napika nimejifunga vitenge vitatu. Tuligombana kwa ajili ya chakula tu, si kitu kingine. Mimi nilitaka sombe ya majani ya muhogo yenye mafuta ya mawese. Yeye alitaka viazi na maharagi, maharagi na viazi. "Nyinyi watu wa musitu munakula majani kama mbuzi," aliniambia. Nikamjibu, "Na nyinyi wa milima munachemusha mawe, munasema iko chakula." Alicheka mpaka akaweka sahani chini. Nakumbuka kicheko kile kuliko sura yake, na jambo hilo linaniumiza, kwamba sura imefifia.

Gaspari alipenda kupima. Alikuwa anainua chungu kutoka mekoni na kusema, "Kilo tatu na nusu," halafu anakwenda kukipima kwenye mizani ya viazi ya plantasyo, na mara nyingi ilikuwa kweli. Siku aliyonileta nyumbani palikuwa na tope mlangoni, akanibeba kulivuka, akanitua na kusema, "Makumi tano na mbili." Wanaume wengine huwaambia bibi zao maneno ya asali; mimi niliambiwa kilo. Na nilifurahi, kwa maana nilielewa kwamba hilo ndilo jambo analolijua kwa mikono yake.

Mwaka ule Muzungu wa plantasyo alikuwa na mashua moja ya mbao, nyepesi, ya kuvulia samaki kwenye maziwa ya Mokoto. Gaspari alikuwa anaiweka juu ya remorke, lile gari lisilo na injini linalofungwa nyuma ya gari jingine, na kamyoneti ndogo ya plantasyo iliivuta kama mtu anayevuta mbuzi sokoni. Hapakuwa na tabu hata siku moja, na hapo ndipo uzembe ulipoingia katika vichwa vya watu. Halafu misheni moja huko chini, Walikale, ikaomba mashua ya kuvushia wagonjwa mto Lowa, kwa sababu mitumbwi ilikuwa inapinduka na watu wanakufa kabla ya kufika kwa daktari. Muzungu alikuwa na mashua ya chuma iliyolala Sake kwenye ufuko wa ziwa. Akasema ataitoa. Ilipofika Karuba, wafanyakazi waliacha majembe kuja kuitazama. Ilikuwa ndefu kuliko nyumba yetu, na watu kumi na wanane walihitajika kuigeuza. Muzungu aliizunguka mara moja akasema, "Kamyoneti ilivuta ile, itavuta na hii."

Siku hiyo Gaspari alirudi kula saa sita pamoja na Filipo, aliyekuwa msaidizi wake na rafiki yake, kijana mrefu mwenye maneno machache, ambaye kazi yake ilikuwa kuruka chini na kuweka kipande cha mti mbele ya gurudumu kila gari liliposimama mlimani. Gaspari hakula. Alichukua ungo wangu, akaweka kiberiti juu yake, na nyuma ya kiberiti akaweka kiazi kikubwa, akavifunga kwa uzi. "Hii kamyoneti," alisema. "Hii mashua." Akainamisha ungo upande mmoja, akavuta kiberiti kwenda juu, na kiazi kikafuata kwa adabu. Kisha akauinamisha upande wa pili. Kiazi kikateremka, kikakisukuma kiberiti, kikakipinda ubavu, vyote viwili vikaanguka kwenye majivu. Filipo akacheka, Gaspari hakucheka. "Kuvuta haiko kazi," alisema. "Hata mutoto anaweza kupandisha mujomba wake mulevi kwenye kilima, akimushika mukono. Lakini kumushusha? Hapo mujomba njo anashusha mutoto." Mimi niliokota kiazi changu, nikakiosha, nikakitia chunguni, kwa sababu njaa haina habari ya kamyoneti.

Kesho yake alimwomba Muzungu wajaribu kwenye kilima cha nyuma ya jumba la pareto. Nilitazama dirishani. Kamyoneti ndogo ilipanda na mashua ile nyuma yake, ikinguruma, na Muzungu akapiga makofi. Gaspari akatoa kichwa dirishani, akasema kwa heshima, "Bwana, sasa tuone kushuka." Hawakufika hata nusu. Mashua ilianza kuyumba kulia na kushoto, na kila ilipoyumba ilichukua matako ya kamyoneti pamoja nayo, mpaka Gaspari akaipeleka kwenye tuta la viazi ili isimame. Muzungu alikuja kulitazama tuta. Halafu akasema, "Tafuta nyingine."

Kulikuwa na kamyo, lori kubwa kabisa la plantasyo, na mtu yeyote angesema hilo ndilo. Lakini njia ya Walikale ilikuwa na madaraja ya magogo. Filipo alitumwa kwenda kuyaona, akakaa siku tisa, akarudi na kamba yenye mafundo, fundo moja kwa daraja moja, na mafundo mawili yaliyopakwa masizi yalikuwa ya madaraja yaliyooza. Kamyo na mashua pamoja, magogo yale yasingevumilia. Basi ile ndogo ilikuwa ndogo mno kushuka, na ile kubwa ilikuwa kubwa mno kuvuka. Gaspari alitembea na jambo lile wiki nzima. Alikuwa anakula huku anasogeza vijiko mezani. Nilimsikia kwenye barza akimwambia Filipo, "Iko moja tu katikati. Nitaipata," na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuta ng'ombe aliyepotea.

Aliipata hapa hapa Kitshanga, kwa mfanyabiashara mmoja wa chumvi na nguo. Ilikuwa kamyoneti pana, yenye magurudumu mawili mawili nyuma na freni ngumu, zile breki za gari. Alilala chini yake nusu siku akiitazama tumbo. Aliporudi Karuba aliyasifu magurudumu yale kuliko alivyowahi kunisifu mimi, nikaona wivu kabisa, nikampa sahani bila kumtazama. Mfanyabiashara akakubali kuiazimisha. Gaspari akapima mashua kipande kwa kipande kwenye mizani ya viazi, pua ya remorke kwanza, kwa sababu alisema pua ikiwa nyepesi mkia unacheza. Akajaza mawe sakafuni mwa kamyoneti ili iwe nzito ya kutosha kushika, lakini isizidi magogo ya Filipo. Siku mbili alitoa jiwe, akarudisha jiwe. Mwishoni alikaa mlangoni pa jiko langu, mikono imechubuka, akaniambia kwa furaha ambayo sitaisahau, "Imeenea, Doroteya. Mashua tupu, remorke, mawe, mi na Filipo. Juu ya hapo naweza kubeba kilo mia moja, tena kwa woga. Ikipita kilo mia, pale kwenye muteremuko wa kuingia musitu, Mungu njo ataendesha." Akanyanyua kidole. "Kwa hiyo mashua itaenda tupu. Hata jembe nisione ndani."

Neno hilo, *tupu*, lilinitia woga. Kwetu mtoni, chombo kipya hakiendi tupu kwenye maji yake ya kwanza. Mti ukishachongwa huko msituni, watu huuvuta kwa kamba na nyimbo mpaka mtoni, na kila kijiji kinachopitwa huweka kitu ndani: mkungu wa ndizi, mtungi wa mawese, kuku. Chombo kinafika majini kimeshiba. Kisiposhiba, wazee walisema, kitajitafutia, na cha kwanza kitakachokula ni yule aliyekivuta. Sisi tulikuwa Wakristo, tulibatizwa wote, lakini hakuna mtu aliyejaribu kufanya vingine ili aone. Mjomba wangu alivuta mtumbwi uliofika mtupu, mwaka wa njaa, na juma halikwisha akazama. Nilikuwa mtoto, niliuona mwili. Na hebu fikirini: mtumbwi uliovutwa na watu mia moja kwa mikono, mkungu wa ndizi ndani yake ni nini? Unaongeza wimbo tu. Desturi ile haikuwahi kukutana na mteremko wa milima wala na freni.

Nilimwomba mara moja tu. Tulikuwa tunakula, ukungu umeshaingia. Nikasema, "Gaspari, weka hata kitu kidogo ndani. Kwetu haiendake tupu." Hakunidharau. Afadhali angenidharau, ningekuwa na kitu cha kukasirikia. Alinishika mkono wenye unga wa bugali akasema, "Doroteya, hii iko chuma. Chuma haisikie njaa." Nikanyamaza, na yeye akadhani nimekubali. Mwanamke akinyamaza, wanaume hudhani mambo yamekwisha.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini, nilimpenda, na niliogopa. Sina utetezi mwingine. Mama Leokadia, mdogo wake mama yangu, alikuwa anapeleka chumvi msituni kwa njia ile ile, anajulikana kila kijiji. Nilimkuta soko la Mushaki nikamwambia, "Mama mudogo, mashua itapita. Bwana yangu njo ataivuta, na anataka iende tupu. Uwaambie watu wa njiani wasikubali." Macho yake yalijaa woga, akanibana mkono. "Nitawaambia, mutoto wangu. Haitapita tupu." Nikarudi nyumbani moyo mwepesi. Usiniulize moyo mwepesi ule ulikuwa na kilo ngapi.

Asubuhi ya safari nilitangulia kuamka. Nilijaza kitunga maharagi yangu mwenyewe, yale ya Karuba, meupe yenye jicho jekundu, nikakisukuma chini ya kiti cha mwisho cha mashua na kukifunika kwa gunia la kufutia maji. Kilo kumi hivi. Nilijua zimo ndani ya zile mia. Gaspari alizunguka mashua, akagonga ubavu wake kwa kiganja kama mtu anavyogonga ng'ombe wake, akanitazama. Nikatazama chini. Alidhani nalia kwa sababu anaondoka. Alipanda, Filipo akapanda na kipande chake cha mti, na kamyoneti ikaondoka polepole. Ilikuwa inashuka vizuri. Mkia haukucheza hata kidogo. Nilisimama barabarani nikaiona mpaka ukungu ukaimeza, nikajisemea kwamba nimemlinda.

Siku ya tano, saa ya mchana, wafanyakazi watatu wa plantasyo walikuja kwenye barza. Niliwaambia wakae, hawakukaa. Walivua kofia. Nilikuwa nakatakata sombe, nikaendelea kukatakata, kwa maana niliona kama nitakuwa bado nina kazi mkononi hawatasema. Wakasema. Kwenye mteremko wa kuingia msituni, baada ya Masisi, kwenye kona ya pili, mashua ilisukuma kamyoneti mpaka ikaipindua. Filipo aliruka na kuvunjika mguu. Gaspari hakuruka. Wote walisema freni zilikatika. Muzungu alisema freni. Padri alipomzika alisema freni na mapenzi ya Mungu. Mwenye kamyoneti alikuja kuomba msamaha kwangu, mikono miwili, kwa ajili ya freni zake, na mimi nilikaa juu ya mkeka nikakubali msamaha ule. Hiyo ni dhambi yangu ya pili, na sijui kama si kubwa kuliko ya kwanza.

Mama Leokadia alikuja kwenye kilio siku ya nane. Alilia na mimi, kisha akasogea, akaninong'oneza habari akidhani ni faraja. "Usifikiri ilipita tupu, mutoto wangu. Vijiji kumi na kimoja, hakuna kilichokataa." Akanihesabia kwa vidole: ndizi, mawese, mihogo, kuku, mbuzi mzima, na kijiji cha mwisho juu ya mteremko kiliweka mikungu saba kwa pamoja, kwa sababu mkuu wao alitaka kushinda wengine. Nilimwuliza, Gaspari alisema nini? "Kwa kijiji cha kwanza alikataa. Alikuwa mukali. Wamama wakamwambia: bibi yako njo alituma. Halafu akacheka kidogo, akasema, kama ni yeye, muweke." Mama Leokadia alijipangusa macho. "Iko jambo moja tu sielewi," alisema. "Kwa nini ilikula muntu, na ilikuwa imeshiba?" Mimi nilikuwa nimejifunza kwa mume wangu kuinua vitu kwa mawazo. Mkungu, kilo ishirini. Mtungi, kumi na tano. Mbuzi, thelathini. Nilifika mia tatu nikashindwa kuendelea. Shuleni walitufundisha kwamba haba na haba hujaza kibaba, na siku ile ndipo nilipoelewa kwamba methali inaweza kuwa hukumu.

Baada ya miezi minne tulikwenda na mama mkwe wangu kusimamisha msalaba kwenye kona ile. Mashua yenyewe ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Waliishusha kwa kamba na watu mia moja, ikafika mtoni, na ninasikia ilivusha watu miaka mingi wala haikuzamisha hata mmoja. Kwenye majani palibaki vigae vya mitungi, na fuvu la mbuzi bado lina kipande cha kamba. Na kando ya njia, mahali ambapo hakuna aliyewahi kulima, palikuwa na maharagi. Yalikuwa yametambaa juu ya miti midogo, yamekauka, maganda yameanza kupasuka. Mama mkwe akashangaa. "Nani amelima hapa?" Nilipasua ganda moja. Meupe, yenye jicho jekundu. Nikamwambia sijui. Yeye alipokuwa anapiga magoti kusali, mimi nilikuwa nachuma, nachuma, najaza kitenge, kwa haraka kama mwizi. Tangu mwaka ule nimepanda mbegu ile kila msimu, Karuba, Mweso, na hapa Kitshanga, hata tulipokimbia vita niliibeba kabla ya nguo. Watoto wanadhani napenda utamu wake.

Chungu kilikuwa kimeiva. Nilimwamsha Filipo, nikamnawisha mikono, nikamwekea bugali na maharagi na mawese juu yake, maana uzee umenifundisha kupika kwa Gaspari na kwa mimi pamoja. Alikula kidogo, akaweka mkono kando ya sahani. "Dada," alisema, "kwa njia walitupatia vitu. Unajua." Nikasema najua. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kulisema. Hakuinua uso. "Kule juu, mbele ya muteremuko, Gaspari alisimamisha. Tulishusha vyote. Ndizi, mafuta, mbuzi, vyote, tukaacha kando ya njia. Mashua ilishuka tupu, dada. Tupu kabisa, vile alitaka. Freni njo zilikatika. Nimekuja ulijue, usife na mawazo ingine." Mtu mwenye mguu ule, miaka ile, alikuwa amepanda pikipiki kutoka mbali, juu ya mawe yale yote, kuja kuniletea uongo.

Nilitazama sahani yake. Macho mekundu yalinitazama kutoka ndani ya mchuzi. Ningeweza kumwambia kuhusu vigae na fuvu la mbuzi na yale niliyochuma. Ningeweza kumuuliza, kwa nini wewe hukusema tushushe, ulikuwa umekaa naye. Labda ndilo swali alilolikimbia yeye maisha yake yote, kama mimi nilivyokimbia langu. Nikaona mzee anayengoja. "Aksanti, kaka Filipo," nikamwambia. "Umenitua muzigo." Alifunika uso kwa kofia akalia kwa sauti, nami nikamwacha alie, kisha nikamwongezea maharagi. Akala yote. Akapangusa sahani kwa bugali, akasema, "Haya iko tamu. Mbegu yake inatoka wapi?" Nikasema, "Karuba," na hilo lilikuwa kweli.

Kijana wa pikipiki alirudi kumchukua alasiri. Mgeni harudi mikono mitupu. Hata sasa siwezi kuivunja desturi hiyo. Nilitia maharagi katika mfuko, nikautundika kwenye mizani ya mlangoni, nikapunguza konzi moja, nikapima tena. Halafu nikamfunga Filipo mfuko mapajani na kumwambia yule kijana, "Ni kilo mbili, nimezipima mwenyewe. Njiani mukipewa kitu kingine, mukatae. Na kwenye kushuka, mwanangu, ushuke polepole."